Maji ya Breki

Tela lile lilipoingizwa uani kwetu asubuhi, kuku walihama. Sisemi mchezo. Walitoka mmoja mmoja, wakapita chini ya ua kwenda kwa jirani, na jogoo akawafuata bila hata kujifanya mwanamume.

Lilikuwa tela la magurudumu mawili, la chuma, la kubebea ngozi mbichi kutoka machinjioni. Ngozi zimemwagiwa chumvi juu juu, zimelazwa moja juu ya nyingine mpaka zimeupita ukuta wa tela, na pembeni ute mwekundu unadondoka, tone, tone, kwenye udongo niliofagia alfajiri kwa mkono wangu. Nzi walijaa hivi kwamba ukitazama haraka ungedhani tela limepakwa rangi nyeusi. Na kwenye nyufa za mbao za chini, funza wamelala, wanene, wametulia kama wenye nyumba. Nilitema mate. Nikatema tena. Harufu ile haikai puani tu, inashuka ikakalia chakula ulichokula jana.

Mwenye tela tulimwita Bwana Ngozi. Trekta lake lilikuwa limekufa injini, na lile la kuazima lililomfikisha kwetu lililiacha tela hapo likakimbia. Sasa ngozi zilitakiwa kwenye kiwanda cha ngozi, kule chini ya mteremko mrefu, ng'ambo ya daraja. Na aliyemwambia "usihangaike, pikapu yetu italivuta" alikuwa mwanangu wa mwisho.

Mwanangu huyo hujiita Meneja. Hana ofisi, hana mfanyakazi, ana kalamu mfukoni mwa shati. Na neno lake hilo, "yetu", ndilo lililonichoma kwanza. Pikapu ni ya mke wake. Aliachiwa na baba yake, na kila siku anapakia trei za mayai kuwapelekea wenye maduka. Ni gari jepesi, kifua chembamba, limezoea mayai. Meneja mwenyewe hajui kuendesha. Alijaribu mara moja akaingia jikoni kwa jirani, nasi tukamjengea jirani ukuta mpya.

Kwa hiyo wa kuketi kwenye usukani na mzigo ule mgongoni alikuwa mkwe wangu. Nilimkuta amesimama mbele ya tela, kanga imeziba pua, mtoto mgongoni.

"Kitendawili," nikamwambia, nipate kumchangamsha.

"Tega, mama."

"Nina mgeni hana miguu ya mbele, na asipoegemea mtu hasimami."

Akafikiri. "Ni mtoto wako huyo."

Nilicheka mpaka nikasahau harufu, kisha nikavuta pumzi nikaikumbuka. "Ni tela," nikasema. "Lakini hata jibu lako nimelipokea."

"Mama, hili limenizidi mimi na gari langu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia usiku kucha. Anasema ameshatoa neno."

Fundi wa kulitayarisha gari alifika na mfuko wake wa spana. Watu humwita Fundi Ulimi, na si kwa sababu ya maneno mengi. Ni mtu wa kuonja. Wenzake hunusa, hupapasa, hutazama, yeye huonja. Akichomoa kijiti cha kupimia oili huipitisha ncha ya ulimi pale, akatafakari kama mpishi, akasema, "Hii imechoka." Maji ya rejeta anaonja. Betri anaigusa kwa ulimi, anatetemeka kidogo, anasema ina moto. Aliponiamkia asubuhi ile, shikamoo yake ilipita pembeni mwa skrubu aliyoishikilia kwa midomo, skrubu aliyoiokota chini ya tela. Chini ya tela, nasema. Nikaitikia marahaba nikiwa nimetazama ukuta.

"Bibi hanipendi," akasema.

"Nakupenda. Ila usinibusu."

Alifanya kazi, siwezi kumnyima. Alichomea kulabu nene kwenye chesisi, nyuma, ya kushikia mkono wa tela. Aliongeza springi za lori bovu juu ya zile za pikapu. Alijaza matairi upepo mpaka yakalia yakigongwa. Alivuta waya wa taa kutoka pikapu hadi tela, na kila anapoumenya kwa meno anatema kipande cha plastiki karibu na kuni zangu.

Kisha wakaliunganisha. Wanaume watatu waliuinua mkono wa tela wakautumbukiza kwenye kulabu, Fundi akapitisha pini. Pikapu ikakaa chini kwa nyuma na kuinua pua juu, imechuchumaa kama mtu aliyeshikwa na tumbo njiani.

"Imekubali," akasema Meneja.

"Imekubali nini?" mkwe wangu akamwuliza. "Magurudumu ya mbele yanagusa ardhi kwa adabu tu. Nikikata kona usukani utanisikia?"

"Ongezeni mawe mbele, juu ya boneti."

"Mawe ya nini? Mzigo wote mmeulundika mbele ya tela. Usogezeni ukae juu ya magurudumu yake."

Fundi akasema shemeji amesema kweli. Basi ngozi zikasogezwa. Jamani. Meneja aliita vijana wawili wa kubeba mizigo, wakapanda juu wakazikumbatia zile ngozi kwa mikono mitupu, zikateleza, zikawapiga vifuani kwa sauti ya tambi za moto zikimwagwa. Chini yake palikuwa pamekusanyika dimbwi la rangi ya chai ya maziwa. Lilipotikiswa liliruka, likanifika kwenye ukingo wa gauni. Kijana mmoja alishuka akatapika nyuma ya tangi la maji, akajifuta, akapanda tena. Bwana Ngozi yeye alikuwa ameketi kwenye kiti changu anakula karanga kutoka mfukoni. Alinikaribisha. Vidole vyake vilikuwa na manyoya ya ng'ombe.

"Nimefunga," nikasema.

"Leo?"

"Kuanzia sasa hivi."

Pua ya pikapu ikashuka, gari likasimama kama gari. Mkwe wangu akaingia akakanyaga breki, nikamwona uso unabadilika. Akakanyaga tena.

"Fundi, breki inazama. Naikanyaga inakwenda mpaka chini, ndipo inakumbuka kushika."

"Imekula mafuta kidogo. Nitaongeza."

"Tela halina breki zake. Ule mteremko wote ni mimi nitalizuia. Na chini kuna daraja la gari moja moja."

"Shemeji, nenda kavae. Ukirudi utakuta breki inakupiga mguu."

Alikwenda ndani kumnyonyesha mtoto na kuvaa suruali ya kazi. Mimi nami nikaingia jikoni kukoroga uji, maana mtoto angebaki kwangu siku nzima. Yule mtoto namwita mke mwenzangu, kwa kuwa amempora babu yake aliyekufa hata sura. Nilipotoka nje, nikapita kwenye beseni langu.

Nililiacha beseni kando ya kamba ya nguo tangu alfajiri, nimeloweka nepi za mke mwenzangu. Tumbo lake lilikuwa limeharibika siku mbili zile, sitaeleza zaidi, waliolea wamenielewa. Maji yalikuwa ya sabuni ya unga, lakini yalishageuka manjano, manjano ya mafuta mazuri ya kupikia. Niliyaacha yamefunika nepi zote. Sasa nepi zilikuwa zimechomoza vichwa nje ya maji. Na kwenye ukingo wa beseni kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi.

Nilisimama pale. Mwanzoni nilifikiri amenawa. Nikaona ni uchafu wa kawaida wa mafundi, mtu ananawa grisi kwenye nepi za mtoto. Halafu nikaona kikopo, kidogo, cha maziwa ya unga, kimewekwa chini ya pikapu karibu na tairi la mbele. Ndani yake povu lilikuwa linapasuka taratibu.

Nikaenda mpaka kwenye boneti. Fundi Ulimi alikuwa anafunga kifuniko cha kile kichupa cha mafuta ya breki. Meneja amesimama kando yake, kalamu mkononi. Mkwe wangu alikuwa anatoka mlangoni na funguo.

"Kitendawili," nikasema.

Meneja akasema, "Mama, sasa hivi? Mtu anachelewa."

"Tega, bibi," akasema Fundi. Huyo naye ana adabu zake.

"Nguo ziko kwenye beseni, jua halijazifikia, maji yamepungua. Nani amekunywa?"

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. Akafuta tena. "Hapo nimeshindwa. Nakupa mji."

"Sitaki mji. Onja hayo uliyoyatia humo."

"Bibi, mafuta ya breki ni sumu."

"Juzi ulionja ya basi la shule, mbele yangu, ukaniambia yana uchungu wa mwarobaini. Onja na haya."

Akamtazama Meneja. Meneja akaitazama kalamu. Bwana Ngozi akaacha kutafuna. Fundi akafungua kifuniko, akachovya ncha ya kidole, akakileta usawa wa kidevu, na pale kikasimama. Mtu aliyeuma skrubu ya chini ya tela, mtu wa kulamba oili iliyochoka, alikuwa amekitazama kidole chake kama kimekufa.

"Siwezi," akasema. "Niliziona zile nepi."

Mkwe wangu akamsogeza kwa bega, akachungulia. Akachota povu la mle kichupani kwa ukucha, akalinusa. Akainama akajifuta kwenye nyasi, akafuta, akafuta, mpaka nyasi zikang'oka.

"Maji," akasema alipoinuka. "Umenitilia maji ya nepi kwenye breki."

"Maji ya sabuni, shemeji. Watu hutumia, njiani, wakikwama."

"Wakikwama, watambae mpaka gereji. Siyo kushuka mteremko na tela la ngozi. Breki zikipata moto hayo maji yatachemka. Yakichemka nitakanyaga hewa."

"Mimi niliomba mafuta," akasema Fundi, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshtaki. "Niliomba tangu saa ya kuchomea. Meneja ndiye aliyesema niweke chochote cha majimaji. Nikasema maji meupe yataonekana, shemeji atachungulia. Akasema, basi pale kwenye beseni kuna ya rangi."

Sote tukamgeukia Meneja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado namtafutia njia. Nilisema moyoni, hajui. Hajui gari, hajui breki, kichwa chake kimejaa ahadi aliyotoa. Mtoto asiyejua unamfundisha.

"Ni ya kufikia tu," akasema. "Duka liko mbali na Bwana Ngozi amesubiri tangu asubuhi. Akirudi tutatia ya dukani. Ataendesha polepole. Mke wangu ni dereva, nyie hamumjui."

"Mzigo unaoza," Bwana Ngozi akakumbusha.

"Umeshaoza," nikamwambia.

"Mimi nilimpa mtu neno, Mama. Nikimrudisha sasa, kesho nani ataniita kwa kazi? Nitakuwa mwanamume gani?"

Nilimchukua mke mwenzangu kutoka kwa mama yake, nikamweka kwa jirani, kule walikohamia kuku, nikarudi. Nikafungua mlango wa pikapu upande wa abiria, nikapanda, nikafunga mkanda. Kiti kilikuwa na harufu ya mayai, na baada ya harufu ile nyingine ilinifaa kama manukato.

"Mama, unakwenda wapi?" Meneja akaniuliza dirishani.

"Kiwandani. Sijawahi kukiona."

"Mama, shuka."

"Kwa nini? Si atakwenda polepole? Si dereva?"

"Shuka, Mama. Tafadhali."

"Breki ziko sawa au haziko sawa?"

"Mama, usinitanie. Wewe ni mtu mzima. Likitokea jambo kwenye ule mteremko nitawaambia nini kaka zangu?"

Akanishika mkono kunivuta. Na hapo ndipo na yeye akayasikia maneno yake mwenyewe. Aligeuka kuona kama mke wake amesikia, naye alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, funguo mkononi.

Nilimwona mwanangu kwa karibu sana pale dirishani. Huyu nimemfuta kila kitu kitokacho mwilini mwa mtu. Nilimnyonya makamasi kwa mdomo wangu alipokuwa mchanga na kifua kimembana. Alipougua surua nililala kwenye matapishi yake, na asubuhi nikala chakula kwa mkono uleule. Sikuwahi kumwonea kinyaa hata siku moja. Lakini ule mkono wake ulionishika, safi, una kucha zilizokatwa vizuri, niliutoa kwenye mkono wangu kwa vidole viwili, kama unavyomtoa jongoo kwenye shuka.

"Kumbe unajua," mkwe wangu akasema. Hakupaza sauti. "Nilidhani hujui."

"Sikiliza..."

"Mama yako ashuke. Mimi niendeshe."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo. Hata Bwana Ngozi amekusikia."

Bwana Ngozi alitazama karanga zake.

Mkwe wangu akaenda nyuma ya pikapu. Fundi alimwelewa kabla sijamwelewa, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya tela, akamsaidia kugonga pini kwa nyundo. Iligoma, wakaigonga mara nyingine, ikatoka. Mkono wa tela ukaanguka puu, pikapu ikaruka kwa nyuma ikanirusha na mimi kwenye kiti, na ngozi za juu zikateleza zikamwagika mbele, miguuni pa Meneja, kwenye viatu vyake vya kutokea. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakuvitazama.

Alijaribu maneno mengi baada ya hapo. Kwamba alikuwa na haraka, kwamba amechoka, kwamba mtu akibanwa husema lisilo moyoni. Mkwe wangu alikuwa ameshatoka kwa miguu kwenda dukani, na maneno yakabaki na mimi na nzi. Bwana Ngozi alipiga simu zake mpaka akapata trekta. Lilipofika jioni kulivuta tela liliacha mfereji wa ute kutoka uani hadi barabarani, nao kuku wakarudi wakaudonoa, ndipo nikajua mayai ya wiki ile siyali.

Mkwe wangu alirudi na kopo jipya la mafuta ya breki limefungwa kizibo. Fundi Ulimi alikuwa bado yupo, ameketi kwenye mfuko wake. Alisema atafanya kazi hiyo bila malipo. Mkwe wangu akamshukuru, akamwambia kwamba kwa leo mikono yake imetosha, amwachie tu spana ndogo. Fundi akaiacha.

Mkwe wangu akakausha kila tone kwenye kile kichupa kwa kitambaa, akamimina ya kopo, akatandika gunia akaingia chini ya gari.

"Mama, nahitaji mtu wa kukanyaga. Nikisema kanyaga, ukandamize mpaka mwisho usiachie. Nikisema achia, uachie. Tuyatoe yale maji yote mpaka yaje mafuta matupu kwenye kila gurudumu."

Sikuwahi kuketi upande wa usukani maishani mwangu. Nilipanda kwa kushikilia mlango, nikavua ndala, nikatafuta pedali kwa vidole vya miguu. Ilikuwa ya baridi. Meneja alikuwa amesimama karibu na boneti, amevua viatu, suruali ameikunja mpaka magotini. Uso umemshuka. Alikuwa na njaa, nilijua, maana kila mtu alikuwa na njaa na hakuna aliyepika.

"Niachieni mimi nikanyage," akasema. "Mguu wa mama unauma. Angalau hilo nilifanye."

Kweli mguu wangu unauma, wa kulia, hasa jioni. Nikangoja. Chini ya gari spana ilikuwa inagonga chuma, ikanyamaza.

"Akanyage mama," mkwe wangu akasema kutoka chini. "Maisha yangu yako huku, mama. Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Kanyaga."

Nikakanyaga. Pedali ikazama yote, laini, kama unakanyaga tope, na chini nikasikia kitu kinatema.

"Achia," akasema. "Yanatoka machafu. Kanyaga tena."